Ndama wa Vichwa Viwili

Odierne alikuwa ametengeneza ngozi za kuandikia kwa miaka ishirini na sita, na kwa muda wote huo hakuwahi kumwona mtu anayeharibu ngozi nzuri kama Bruda Anselot wa abasia ya Brevaux, nyumba ya wamonaki.

Mwandiko wake haukuwa na kasoro. Herufi zilisimama sawasawa kama meno ya chanuo. Kasoro ilikuwa katika aliyoyaandika.

Abasia ilikuwa na kitabu kikubwa walichokiita Kitabu cha Miaka. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi, na lau ungefuatwa usingemdhuru mtu. Nyuma ya kitabu kilishonwa kipande kidogo cha ngozi, na pembeni yake ikaning'inizwa kwa uzi kalamu ya risasi, ile inayoandika kijivu. Mwaka mzima, bruda yeyote aliyeona jambo la kukumbukwa, kifo cha mkubwa, mafuriko, ukame, aliandika mstari mmoja pale bila madoido. Mwaka ulipoisha, na mwaka wao uliisha Pasaka, mtu mmoja tu aliyeteuliwa na abati, mkuu wa nyumba, aliketi na kile kipande, akaigeuza ile mistari ya kijivu kuwa habari kamili kwa wino. Kisha kipande kilitolewa, kikasuguliwa, na kingine kikashonwa mahali pake.

Mteule alikuwa Anselot. Alikuwa na miaka tisa kazini, na kwa miaka tisa hakuwahi kuvuka daraja kwenda mjini kumwuliza mtu chochote. Mji ulikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake. Habari zake alizipata kwenye kabati la vitabu. Mahali popote palipopiganwa vita, alifungua kitabu cha zamani, akatafuta vita vilivyoandikwa vizuri, akabadilisha majina. Mwaka usiokuwa na jambo, ndama wa vichwa viwili alizaliwa mahali fulani mbali. Odierne alikuwa amehesabu: katika miaka tisa walizaliwa ndama watano wa namna hiyo, na yeye aliyechuna ndama tangu utotoni hakupata kuona ngozi ya hata mmoja.

Aliyajua haya kwa sababu Anselot alimsomea. Wenzake walikuwa wamechoka kumsikiliza. Mwanamke haruhusiwi kupita lango la abasia, basi Odierne alipoleta ngozi walionana kwenye dirisha la bawabu, yeye nje kwenye tope, Anselot ndani, na kila mara bruda alikuwa na ukurasa mkononi.

Wiki ya nne ya Kwaresima alipeleka ngozi kumi na mbili za ndama. Anselot alikuwa ameshafika dirishani.

"Mama Odierne, safari hii umeniletea ngozi au mafuta? Zile za mwisho wino ulikuwa unateleza."

"Ngozi zilikuwa kavu, Bruda. Labda wino ulikuwa unaona haya."

"Hee! Mdomo huo!" Hakukasirika. Siku hiyo alikuwa na furaha ya kuku aliyetoka kutaga. "Nimemaliza mwaka. Nimemaliza lile jambo la Lango la Maji. Nataka ulisikie, maana Ijumaa Hakimu wa askofu anakuja, na litasomwa mbele yake."

Odierne aliweka mzigo chini. Kuhusu jambo la Lango la Maji hakuhitaji kusomewa na mtu. Kiangazi kilichopita, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, watu wa Bwana wa Monclair waliingia mjini kwa lango hilo wakati wa misa ya asubuhi. Walikaa mpaka adhuhuri. Walichoma mtaa wa wafinyanzi na ghala la mvinyo la askofu, wakaondoka na ng'ombe. Watu kumi na wanne walikufa, na tisa kati yao Odierne aliwaosha kwa mikono yake. Wa kwanza alikuwa Colard, mwanawe, bawabu wa lango hilo. Walimkuta kwenye ngazi amekufa, bega lake likiwa bado linausukuma ubao wa lango.

Maghala ya abasia yalikuwa hapo hapo kando ya Lango la Maji. Hayakuguswa hata unyasi mmoja. Watu wa mjini waliliona hilo na wakalisema kwa kunong'ona, kwa kuwa wengi wao walilima mashamba ya abasia.

"Soma basi," akasema.

Anselot alikohoa, akaanza kuligeuza kutoka Kilatini kwa lugha ya watu, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "'Mwaka huo ilionekana nyota yenye mkia, na mvua ya damu ikanyesha. Kisha likaja jeshi la watu elfu arobaini…'"

"Elfu arobaini? Walisimama wapi? Pale malishoni kondoo mia tatu tu wanakanyagana."

"Ni namna ya kuandika, mama. Sikiliza. 'Wakaua watu elfu tatu, wakubwa kwa wadogo.'"

"Bruda, mji mzima tuko mia tisa, ukihesabu na mbuzi."

"Wewe unahesabu vichwa. Mimi nahesabu huzuni," akasema Anselot, na ilionekana wazi kwamba ameupenda msemo huo na atautumia tena. "Sasa hapa ndipo penyewe. 'Lakini mji usingeanguka kama si bawabu, mtu wa ukoo duni, mlevi, mpenda dhahabu, aliyeuza lango kwa vipande thelathini, kisha akauawa na hao hao aliowafungulia, kwa hukumu ya Mungu. Jina lake ni Colard.'"

Tope lilikuwa limeingia kwenye viatu vya Odierne. Alilisikia likimpanda vidoleni, baridi.

"Huyo ni mwanangu."

"Najua. Pole sana."

"Mlevi? Colard alikuwa akinywa bia na kutapika. Mji mzima ulikuwa unamcheka."

"Msaliti lazima awe mlevi, mama, vinginevyo watu hawaelewi amefikaje huko."

"Na nani kakwambia yeye ndiye aliyefungua?"

"Lango lilikuwa na bawabu. Lango likafunguliwa. Hata mtoto anaweza kujumlisha."

"Ulimwuliza mtu?"

Anselot aliugeuza ukurasa, akamwonyesha mstari kwa ukucha. "Nimeandika hapa, 'kama nilivyosikia kwa watu waaminifu walioona kwa macho yao.'"

"Watu gani hao? Mimi ndiye niliyeona. Hukuniuliza."

"Ndivyo inavyoandikwa siku zote," akasema bruda, kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa kwa nini mkate una chumvi. "Usilie. Habari si mali ya mama wa mtu. Habari ni funzo."

"Silii. Upepo." Odierne alijifuta kwa nyuma ya mkono. "Ijumaa ikishasomwa, kinafuata nini?"

Kwa mara ya kwanza Anselot hakumtazama. "Msaliti hawezi kulala kwenye ardhi takatifu. Hakimu akiukubali ukurasa, mifupa itatolewa makaburini. Priori ameshateua mahali kwa niaba ya abati. Kule shimoni, nyuma ya machinjio."

Odierne alilijua shimo lile. Yeye mwenyewe alitupa humo mabaki ya ngozi, kwato na matumbo. Mbwa walikuwa wakiingia na kutoka.

Anselot alirudi kwenye mambo yake. Alipitisha dirishani furushi la vipande vya zamani. "Hivi visugue viwe vyeupe. Nivipate Ijumaa asubuhi kabla ya kikao, kuna kimoja nataka kukishona kwa mwaka mpya. Na usikwangue sana, mara ya mwisho uliniletea kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu." Alimpa bila kutazama anachompa, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa bila kujali ni mfupa wa nani.

Nyumbani Odierne hakuketi kulia. Alikuwa na pipa la chokaa la kukoroga, ndama wawili kwenye fremu, na binti aliyekuwa akiunguza mbaazi kila siku tangu Kwaresima ianze. Alikoroga chokaa. Aliondoa sufuria motoni, akamgombeza binti. Kisha akamimina maziwa ya kuchacha na pumba za shayiri kwenye beseni, maana ndivyo ngozi iliyoandikwa inavyolowekwa kabla ya kusuguliwa, akafungua furushi la Anselot na kuanza kupanga vipande kimoja kimoja.

Cha nne alikifahamu. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, na karibu na kona kulikuwa na kovu la funza lenye umbo la dengu. Yeye ndiye aliyekitengeneza, mwaka mmoja uliopita. Hiki kilikuwa kipande kilichokuwa kimeshonwa nyuma ya Kitabu cha Miaka.

Anselot alikuwa amekisugua kwa chembe za mkate, na maandishi yote ya kijivu yalikuwa yameondoka. Alidhani yameondoka. Mtu anayeishi na kalamu anaamini kwamba maandishi ni rangi. Odierne aliishi na ngozi, na alijua kwamba kalamu ya risasi inakandamiza, na ngozi ya mbuzi ikikandamizwa haisahau mpaka ilowekwe. Alikipeleka dirishani, akakilaza mbele ya mwanga wa jua la jioni uliokuwa ukiingia kwa ubavu. Mitaro midogo ilionekana, mstari baada ya mstari.

Hakujua kusoma. Alijua neno moja tu. Kiangazi kilichopita alichonga msalaba wa mti kwa kisu chake cha kazi, na padri alimchorea herufi za kuchonga juu yake. Zilikuwa herufi sita. Alizipitia kwa ncha ya kisu siku mbili nzima, na hakuna aliyezijua herufi hizo sita kuliko yeye.

Zilikuwa pale, katika mstari wa tano kutoka chini.

Akavuta beseni la maziwa kando. Alichukua masizi laini kutoka kwenye bomba la moshi, akayapaka juu ya kile kipande kwa kitambaa, kisha akayafuta kwa kiganja, taratibu. Ndivyo alivyofanya kila siku kutafuta mikato ya kisu kwenye ngozi mpya kabla ya kuiuza. Masizi yalitoka palipo laini na yakabaki penye mitaro. Maandishi yote ya mwaka yalirudi, meusi kuliko yalivyokuwa mwanzo.

Alikibeba chini ya shali mpaka kwa Padri Gobert wa parokia ya mjini. Padri Gobert alimbatiza Colard na alimzika. Alikuwa mtu mnene mwenye kanzu iliyotobolewa na nondo, na hakuwapenda wamonaki hata kidogo, kwa kuwa sadaka nono zote za mji zilivuka daraja kwenda kwao. Odierne alimkuta anakula samaki wa chumvi.

"Samaki wa nne leo," akalalamika padri. "Nikifika Pasaka nitakuwa na mapezi. Umeleta nini?"

"Nisomee mstari huu. Huu wenye mwanangu."

Padri alifuta vidole kwenye kanzu. Alisoma mara ya kwanza kimya, na taya lake likaacha kutafuna.

"Huu ni mwandiko wa marehemu Bruda Wiard," akasema. "Yule mzee wa bustani ya mboga. Alikuwa anaandika kama anapanda vitunguu, tazama, kila herufi na shimo lake."

"Padri, soma."

"'Siku ya tatu baada ya Yohana. Lango la Maji limefunguliwa asubuhi kwa ufunguo wa Priori, kwa amri yake, ili maghala yetu yaachwe. Colard bawabu ameuawa akijaribu kulifunga. Wafu kumi na wanne. Mvua hakuna.'"

Odierne alimwambia asome tena. Akasoma tena. Bustani ya mboga ilikuwa chini ya ukuta, hatua chache kutoka lango, na mzee Wiard alikuwa na desturi ya kupalilia wakati wenzake wako misani. Aliona, akaenda kwenye kitabu, akaandika mstari wake kama utaratibu ulivyosema, akarudi kwenye vitunguu vyake. Kabla ya Krismasi akafa kwa kifua.

"Kwa hiyo Anselot alikuwa nao huu mstari," akasema Odierne. "Wakati wote ule ananisomea mvua ya damu, huu alikuwa nao mezani."

"Priori ndiye anayekagua ukurasa. Sasa Anselot angefanyaje?"

"Angeacha nafasi tupu. Angeandika ndama. Amezalisha watano, angeshindwa na wa sita?" Alikunja kile kipande. "Yaani kanipa mkononi. Mimi. Nikisugue."

"Hakudhani unasoma."

"Na kweli sisomi. Lakini hakudhani hata kwamba nina macho."

Padri Gobert alimshauri asubiri, apeleke barua kwa askofu, barua ambayo angemwandikia yeye mwenyewe baada ya Pasaka, tumbo likipata nafuu. Odierne alimwambia baada ya Pasaka Colard atakuwa kwa mbwa. Padri akatazama samaki wake, akasema vema, Ijumaa atakuja, ila asitegemewe kusema sana.

Ijumaa kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa mlango wa kanisa la abasia, maana hapo hata mwanamke anaruhusiwa kusimama. Hakimu wa askofu, Bwana Huon, alikuwa mtu mfupi mwenye mafua. Alikuwa amepanda nyumbu siku mbili, na alikaa kama mtu anayekumbuka kila hatua ya huyo nyumbu. Priori Foulques alisimama kulia kwake, mrefu, msafi. Alikuwa msaidizi wa abati, na abati mwenyewe alikuwa mzee asiyetoka kitandani. Watu wa mjini walijaa mpaka kwenye ngazi.

Anselot alisoma. Aliisoma nyota, akaisoma damu. Alipofika kwenye jeshi la elfu arobaini, Bwana Huon alipenga kamasi. Alipofika kwenye wafu elfu tatu, mfinyanzi mmoja akauliza kwa sauti kama basi yeye naye amekufa, na watu wakacheka mpaka Priori akainua mkono.

"'Kisha bawabu yule,'" akaendelea Anselot, "'akashuka kwa kamba upande wa baharini, akawaashiria maadui waliokuwa kwenye merikebu…'"

"Simama hapo," akasema Bwana Huon. "Upande wa nini?"

Anselot alitazama ukurasa. Alikuwa amenakili habari za mji wa zamani wa mahali pengine kabisa, na majina yote aliyabadilisha, ila bahari ikampita.

"Upande wa baharini, Bwana Hakimu."

"Kutoka hapa mpaka baharini ni mwendo wa siku nane. Kamba yake ilikuwa ndefu kiasi gani?"

Safari hii Priori alipoinua mkono hawakunyamaza.

"Ni namna ya kuandika," akasema Anselot, masikio yamewiva. "Wakubwa waliotutangulia waliandika hivyo."

"Bila shaka waliishi ufukweni," akasema Hakimu. "Endelea. Bahari tutaifuta. Tunataka kujua kuhusu lango."

Odierne akasogea mbele kabla ya kuitwa. "Bwana Hakimu, mimi ni mama wa huyo wa kamba."

"Mama, utapewa zamu."

"Zamu yangu ni fupi. Nimeleta kazi ya Bruda Anselot aliyonipa niisugue. Ameniambia niilete leo." Akafunua kile kipande, akakiweka kwenye magoti ya Bwana Huon. "Mstari wa tano kutoka chini."

Hakimu alisoma. Mafua yake yalikuwa kama yamesimama kidogo. Alisoma mpaka kwenye mvua, kisha akamtazama Priori kwa muda mrefu, na Priori akatazama dari.

"Hiki ni nini?" akauliza Hakimu.

"Uzushi," akasema Priori upesi. "Mtengeneza ngozi ana ngozi, masizi hayamgharimu kitu. Na yule padri wake wa samaki anajua kuandika. Sijawahi kuona kipande hicho."

Padri Gobert, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, aliingia zaidi nyuma ya nguzo.

Odierne hakubishana na Priori. Alikuwa amejua tangu jana kwamba huo ndio mlango atakaotokea. "Leteni Kitabu cha Miaka," akasema. "Mkigeuze, mnionyeshe mgongo."

Hakimu akakubali kwa kichwa. Kitabu kililetwa, kizito, na Odierne akakilaza kwenye benchi kifudifudi. Pale nyuma palikuwa na matundu ya sindano ya mshono wa mwaka uliokwisha, na uzi bado umening'inia.

"Mimi ndiye niliyekishona, kupitia dirishani, kwa sababu Bruda Anselot anaogopa sindano. Nilipiga matundu saba. La tatu liliraruka kwa sababu alikuwa ananiharakisha." Akaweka kipande juu ya mgongo wa kitabu. Akachukua msumari mdogo kwenye aproni yake, akaupitisha tundu la kwanza, la pili, la tatu lililoraruka, mpaka la saba. Kila tundu la ngozi lilikaa juu ya tundu la kitabu. "Haya. Kama huu ni uzushi, basi niliuzusha mwaka jana kabla mwanangu hajafa."

Bwana Huon aliinama, akachungulia matundu, akapitisha msumari yeye mwenyewe. Kisha akamgeukia mwandishi.

"Bruda, kipande hiki ndicho kilichokuwa kwenye kitabu?"

Anselot alimtazama Priori, akamtazama Hakimu, kisha kwa uchungu wote wa mtu aliyefanyiwa kazi vibaya akamfokea Odierne.

"Nilikwambia ukisugue!"

Hapo hata Hakimu alicheka, na kicheko kikamrudishia kikohozi. Priori alifumba macho. Kwa miaka tisa Anselot alikuwa ameandika mambo ya uongo bila kujikwaa, na sentensi yake ya kwanza ya kweli ilimtoka kama pepo.

Bwana Huon hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu mzuri. Alikuwa mtu anayetaka kurudi nyumbani. Alimvuta Priori kando wakazungumza kwa muda, na Odierne aliona mikono ya Priori ikifanya umbo la mapipa. Ghala la mvinyo la askofu litajengwa upya, na abasia ndiyo itakayolipa. Ilionekana hivyo. Waliporudi, Hakimu aliketi kwa uangalifu, akatangaza kwamba bawabu Colard alikufa kazini, kwamba mifupa yake haitaguswa sasa wala baadaye, na kwamba mistari inayomtaja itafutwa kitabuni leo hii.

"Na aliyefungua?" akauliza Odierne. "Ataandikwa?"

"Mama," akasema Bwana Huon, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma, "ulikuja kutafuta mifupa. Umeipata. Ichukue uende."

Odierne alimtazama Priori Foulques. Alimtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anavyotazama ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, ambayo haifai hata kamba ya kiatu. Priori alivumilia kidogo, kisha akageuza uso. Haikuwa haki. Lakini ilifanyika mbele ya mji mzima, na mji uliona ni nani aliyegeuza uso.

"Nani atafuta?" akauliza Hakimu.

"Mimi," akasema Odierne. "Huyu atatoboa."

Alifutia pale pale kwenye benchi, kwa kisu chake chenye umbo la mwezi mchanga na kipande cha jiwe la kusugulia. Mlevi akatoka. Vipande thelathini vikatoka, kamba, merikebu, bahari yote. Alipofika kwenye zile herufi sita alipuliza vumbi lake kiganjani, akakikunja kiganja. Ilibaki mistari kumi na moja mitupu, myeupe, laini kuliko ukurasa mzima, maana ilikuwa kazi ya mikono yake na si ya mwingine.

"Sasa nitaandika nini hapa?" Anselot akanung'unika. "Pengo kubwa hivi. Watu watadhani hakuna kilichotokea."

"Chochote," akasema Bwana Huon, akiinuka kwa tabu. "Ila jina la mtu."

Hakimu alikuwa ameagiza pia kwamba kile kipande kisuguliwe kirudishwe, kitabu kisikae bila mahali pa kuandikia. Baada ya Pasaka, wakati mji mzima ulikuwa unakula mayai na nyama kama watu waliotoka kifungoni, Odierne alikwenda dirishani na furushi lake. Anselot alikuja. Hakumsalimu. Odierne naye hakuona sababu ya kumsalimu, ila alikuwa na swali.

"Ile nafasi yangu umeijaza?"

"Nimeijaza."

"Kwa kitu gani?"

Bruda alisita. Kisha kile kitu ndani yake kisichojua aibu kikamshinda, akaanza kusoma kwa kichwa, macho yameinuka. "'Mwaka huo huo, katika nchi ya mbali, kama nilivyosikia kwa watu waaminifu walioona kwa macho yao, alizaliwa ndama…'"

"Wa vichwa viwili."

"Vitatu," akasema Anselot. "Nafasi ilikuwa kubwa."

Odierne alicheka. Alicheka akashika ukingo wa dirisha. Kisha akampitishia furushi, na juu kabisa aliweka kipande cha mwaka mpya, cheupe, cha ngozi ya mbuzi, kimekatwa kwa kipimo kile kile, na matundu yameshapigwa tayari. Alikuwa amekitengeneza wiki ya Pasaka kutoka kwa mbuzi mwingine kabisa. Hakikuwa na kovu la funza. Chenye kovu kilikuwa kimeshonwa mjini, ndani ya daftari la ubatizo la Padri Gobert, kikiwa na masizi yake yote, kwenye ukurasa alioandikwa Colard siku aliyoletwa kanisani akilia.

Anselot alikigeuza kile kipande mara mbili kwenye mwanga, akakipitisha kidole.

"Safi. Umekisugua vizuri," akasema. "Unaona? Ukitaka, unaweza."

Kilikuwa na matundu manane. Hakuyahesabu.